Mizunguko Minane na Damien

Kwa miaka minne Barwako hakukanyaga barabara ya gereji ya Damien. Basi la kutoka kwake Great Barr kwenda Lozells, anakokaa ndugu yake Daud, lilipita Perry Barr, mbele kabisa ya lango la gereji ile, na yeye alikuwa akishuka vituo viwili kabla na kuzunguka kwa miguu, hata mvua ikinyesha. Akiulizwa, alisema ni mazoezi. Hakuna aliyemwamini, na yeye hakujali.

Barwako Sugow alizaliwa Isiolo, akaja Uingereza akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, na kazi yake ilikuwa kujaribu magari. Mtu akiongeza nguvu ya injini au akibadilisha breki, alimwita Barwako aliendeshe gari mpaka lionyeshe kasoro zake. Kazi hiyo alimfundisha Daud, mdogo wake, na Daud akampita kwa kipaji. Ndiyo maana Damien, fundi Mkongo kutoka Bukavu aliyejijengea jina Birmingham nzima, alimwajiri Daud na si yeye.

Siku ya ajali, miaka minne iliyopita, Daud na Damien walikuwa kwenye uwanja wa mbio ulio milimani, karibu na mpaka wa Wales. Ni uwanja mgumu, wa kona kumi na saba, na moja ya kona hizo madereva huiita Kisima, kwa sababu barabara inaporomoka ghafla na kukata kushoto, na ukikosea hapo unatumbukia. Daud alizunguka mara tano, akasimama, akamwambia Damien kwamba pedali ya breki inalegea, mafuta ya breki yanachemka. Wapiga picha wa tangazo la gereji walikuwa wanangoja. Damien akamjibu, "Iko sawa, ndugu yangu. Endeleya." Katika mzunguko wa sita Daud alikanyaga breki juu ya Kisima na mguu ukaenda mpaka sakafuni. Gari liligonga ukuta wa matairi. Madaktari waliuokoa mguu wake, lakini nyonga haikurudi kama ilivyokuwa.

Hayo, pengine, Barwako angeyasamehe. Yaliyofuata hakuyasamehe. Damien aliandika kwenye ripoti kwamba breki hazikuwa na tatizo lolote. Eti dereva alikuwa amefunga Ramadhani, akaishiwa nguvu kwenye usukani. Daud hakuwa amefunga siku ile. Alikuwa safarini, na asubuhi Damien mwenyewe alimmiminia chai kutoka kwenye chupa yake na kumkatia mkate. Lakini walikuwa wawili tu kwenye meza ile. Daud akanyang'anywa leseni ya mbio, na Lozells ikaanza kumtazama kama mtu aliyetaka kujiua kwa swaumu, wengine wakimlaumu, wengine wakimwonea huruma, na huruma ndiyo iliyomchoma zaidi. Sasa alikuwa akiketi na mkongojo wake katika ofisi ya teksi, akiwagawia madereva abiria kwa redio.

Mwezi wa tano Kamaljit alipiga simu. Kamaljit alikuwa mama wa makamo mwenye duka la magari ya kasi, na alikuwa amewahi kumpa Barwako kazi mara mbili tatu.

"Nina gari la Kimarekani nataka unijaribie," alisema. "Silinda nane, nguvu za farasi mia saba. Kuna fundi wa Perry Barr amelitengeneza upya, anataka niyauze mengine kumi kama hilo. Siweki jina langu kabla mtu wa nje hajaliendesha."

"Fundi gani?"

Kamaljit akalitaja jina. Barwako alikuwa amesimama jikoni na kisu mkononi, anakata kitunguu. Alikiweka kisu chini taratibu.

"Nitakuja," alisema. "Lakini tukalijaribu kule milimani. Gari la nguvu hivyo linahitaji uwanja mgumu."

Hakumwambia Kamaljit kwamba anamjua Damien. Wala hakumwambia Daud kitu.

Asubuhi ya jaribio kulikuwa na jua hafifu na upepo. Gari lilikuwa la rangi ya machungwa, pana, limeinama mbele kama fahali. Fundi mmoja wa uwanja alipoliwasha, vikombe vya chai vilivyokuwa juu ya meza ya Kamaljit vilitetemeka. Damien alitoka nyuma ya gari akijifuta mikono kwa kitambaa, amenenepa kidogo, amevaa koti jipya lenye jina la gereji mgongoni. Alipomwona Barwako alisimama.

"Ni weye?" alisema kwa Kiswahili.

"Ni mimi."

Damien alimtazama Kamaljit, akamtazama Barwako tena. Angeweza kumkataa. Lakini angeulizwa sababu, na akiitoa sababu angelazimika kulitaja jina la Daud mbele ya mwenye duka la kuyauza magari yake. Barwako alimwona akiyapima hayo yote, na moyo wake ukapata baridi tamu.

"Bon," Damien alisema. "Kazi ni kazi."

Kamaljit alisoma masharti: mizunguko kumi kwa nguvu zote, mtengenezaji aketi kando ya dereva, kamera na kinasa sauti viwake muda wote, na yeyote kati ya wawili hao akisema simama, gari lisimame. Wote wawili walitia sahihi. Damien alifunga mkanda wa kifua, na Barwako akausikia mkanda ukilia aliposhusha pumzi.

Mzunguko wa kwanza na wa pili alilisikiliza gari tu. Ilimuuma kukiri, lakini injini ilikuwa nzuri. Iliitika mara tu ukigusa, na ilipanda mlima kama inateremka. Mikono ya Damien ilikuwa na akili. Hilo hakuna aliyelikana. Mzunguko wa tatu na wa nne alianza kulibana. Alichelewa kufunga breki kila kona, akifika juu ya Kisima na maili mia moja na thelathini kwa saa, akikanyaga kwa nguvu zote, na gari likikaa chini na kugeuka vizuri.

"Unaona?" Damien alisema, ametabasamu. "Muzuri sana."

Katika mzunguko wa tano pedali ilishuka kidogo. Upana wa kidole kimoja tu. Mtu mwingine asingegundua.

"Pedali imeanza kulegea," Barwako alisema.

Damien alikaza macho kwenye dashibodi.

"Wewe ndiye mtengenezaji. Nisimame?"

"Iko sawa," alisema Damien. "Endeleya."

Yalikuwa maneno yaleyale. Barwako alisikia mikono yake ikikaza usukani, akailegeza makusudi, kidole kwa kidole. Mpaka hapo alikuwa amekusudia jambo moja tu: kulijaribu gari sawasawa mpaka breki zishindwe hadharani, Damien apoteze biashara, basi. Hakuwa na mpango mwingine. Lakini maneno yale yalimfungulia mlango.

Mzunguko wa sita pedali ilikwenda nusu. Harufu ya breki iliyoungua iliingia ndani ya gari, kali kama nywele zinazochomwa. Jasho lilikuwa likimtiririka Damien chini ya kofia ngumu. Walizungumza Kiswahili tu, na Damien, kwa kuwa Kamaljit hakukijua, alijiona yuko faraghani.

"Daud alikuambia maneno gani kwenye mzunguko wa tano?" Barwako aliuliza.

"Acha hiyo mambo, dada. Angalia barabara."

"Barabara naiona. Nimekuuliza."

Mzunguko wa saba alikuwa akilipunguza gari mwendo kwa gia zaidi kuliko breki. Walipopita Kisima, gurudumu la nyuma lilikanyaga ukingo na gari likayumba.

"Simama," alisema Damien.

Kwa masharti yaliyotiwa sahihi, hapo ndipo Barwako alipaswa kusimama. Njia ya kutokea ilikuwa mkono wa kulia, mita mia mbili mbele, na Kamaljit alikuwa amesimama hapo na saa yake mkononi.

"Kwa nini?" Barwako aliuliza.

"Nimesema simama! Tumbo inaniuma."

"Mimi nasikia breki ni nzuri. Umesema mwenyewe. Nisimame kwa nini?"

"Barwako!"

Akapita njia ya kutokea. Kwa pembe ya jicho alimwona Kamaljit akiinua mkono. Mbele yao barabara ilipanda tena, na lile gari la rangi ya machungwa likanguruma mlimani kana kwamba halina habari ya yaliyomo ndani yake. Damien alishika mlango kwa mkono mmoja na mkanda kwa mwingine. Alianza kusali kwa Kifaransa, akaacha, akaanza tena.

"Mdogo wangu alikuwa amefunga siku ile?" Barwako aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Hapana! Hakufunga! Alikunywa chai yangu!"

"Na breki?"

"Mafuta ilichemka! Aliniambia, nikamwambia endeleya! Nilijua, Barwako, nilijua tangu asubuhi! Simama sasa, mimi niko na batoto!"

Walikuwa wamefika juu ya Kisima. Barwako alikuwa ameachia mafuta mapema, mapema kuliko mzunguko wowote, na alidhani imetosha. Alikanyaga breki. Pedali ikashuka mpaka sakafuni, laini, bila kupingwa na kitu. Alipiga tena. Hakuna. Hapo ndipo alipojua kwamba alichokifanya hakikuwa mchezo aliouongoza yeye. Alitia gia ya tatu, ya pili, injini ikapiga yowe, gari likakataa kukata kushoto, wakaingia kwenye kokoto. Mawe yalipiga chini ya gari kama mvua juu ya mabati. Ukuta wa matairi ulikuja, ukaja, ukasimama. Kati yao na ukuta palibaki hatua mbili.

Vumbi likatua. Damien alikuwa analia, na hakujificha. Barwako alimtazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alingoja aone huruma, au aibu, au chochote kile ambacho watu husema huja baadaye. Alichokipata ni kiu ya maji tu.

Kamaljit alikuja mbio, anahema. Alifungua mlango wa Barwako na kuzima injini yeye mwenyewe.

"Nimeinua mkono," alisema. "Nimekuona umeniona."

"Breki zake hazifai," Barwako alijibu. "Umelipata jibu lako."

"Nilikuajiri upime gari, si mtu." Akaichomoa kadi ya kinasa sauti na kuitia mfukoni. "Sijui mlikuwa mnasema nini humo ndani. Lakini hii inakwenda kwa wakubwa wa mbio, na watawasikia nyote wawili."

Ikaenda. Miezi mitatu baadaye waliitwa katika chumba kimoja mjini Birmingham, mbele ya watu watatu wa chama cha mbio. Damien alisema kwamba Barwako ni Mkenya na hakielewi Kiswahili cha Kongo, kwamba maneno yake yamegeuzwa. Basi chama kikamleta mkalimani, mama mmoja aitwaye Sylvie, aliyezaliwa Bukavu, tena mtaa uleule wa Damien. Alisikiliza rekodi na miwani yake puani, akayaweka maneno yote kwa Kiingereza, moja baada ya jingine, pamoja na chai, pamoja na "nilijua." Alipofika hapo alivua miwani na kumtazama Damien, kisha akaivaa tena na kuendelea. Damien aliinamisha kichwa. Jina la Daud likasafishwa siku hiyohiyo, kwa maandishi. Gereji ya Damien ikapigwa marufuku kuingiza gari lolote uwanjani. Kamaljit alikuwa ameshaghairi yale magari kumi.

Ikabaki kesi ya Barwako. Wakili wake alikuwa amemfunza la kusema. Mwenyekiti, mzee mpole, alimuuliza kwa upole:

"Bi Sugow, ukirudishwa kwenye mzunguko wa saba leo, abiria wako anakuomba usimame, ungesimama?"

Adhabu ilikuwa kufungiwa kuendesha mwaka mmoja akisema ndiyo. Wakili alimwambia hivyo mara tatu. Barwako aligeuza kichwa. Damien alikuwa ameketi upande wa pili, mabega yamemshuka, anamtazama, na machoni mwake mlikuwa na kitu kama ombi.

"Hapana," Barwako alisema. "Ningezunguka."

Wakampa miaka miwili.

Nje, Daud, aliyekuwa ametangulia kutoka, alikuwa ameegemea ukuta na mkongojo wake. Barua ya chama ilikuwa imekunjwa kwenye mfuko wa shati lake, na alikuwa akiigusa kila mara kama mtu anayeogopa imepotea.

"Abaayo, dada yangu, si ungesema tu ndiyo?"

"Ningeweza kusema."

"Miaka miwili, dada. Miaka miwili bila kuendesha. Na mngekufa wote wawili, wewe na yeye. Mama angebaki na mimi tu na huu mguu. Uliliwaza hilo?"

"Kabla ya kona, hapana. Kwenye kona, ndiyo."

Daud alitikisa kichwa. Alikuwa amekasirika kweli, na Barwako alimwacha akasirike kwa sababu alikuwa na haki. Walitembea polepole kuelekea kituo cha basi, kwa mwendo wa Daud. Watu walipita mbio kutoka kazini, wakiwakwepa huku na huku. Walipofika, Daud aliketi kwenye benchi kwa shida, akaunyoosha mguu, akayaacha mabasi mawili yapite.

"Mle ndani," alisema mwishowe, bila kumtazama, "walipoicheza ile rekodi, injini ilikuwa inafunika sauti. Sikusikia vizuri." Akaigusa barua mfukoni. "Alilia kweli?"

"Alilia."

"Sana?"

Barwako akaketi karibu yake, bega kwa bega, akaanza kumsimulia tangu mzunguko wa kwanza, bila kuruka kitu.