Joho la Mkuu Germon

Mkuu wetu Germon alimvua Ndugu Tibo joho jeupe kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya baraza. Tibo alikuwa ametoka safuni vitani bila ruhusa, akamfuata adui aliyekimbia. Kanuni ya utawa wetu wa wapiganaji haina upendeleo. Atokaye safuni hivyo hupokonywa joho na silaha, huswaga punda, na kwa mwaka mzima hula sakafuni. Mbwa akija bakulini, haruhusiwi kumfukuza. Anayesamehewa ni yule tu aliyetoka kumwokoa Mkristo aliye karibu kuuawa.

Tibo aliuliza, "Bwana Mkuu, mbwa wa hapa wana adabu?"

"Utajua jioni."

Wakati wa mavuno tulikuwa tukisindikiza ngano kwenda Antiokia, wapanda farasi wa emiri, mtawala wa adui zetu, wakatushukia kutoka mlimani. Punda walitawanyika. Tibo alibaki peke yake uwanjani na fimbo ya kuswagia, na watu wawili wakamjia na mikuki.

Germon alichomoka safuni. Mpaka hapo kanuni ilikuwa upande wake. Alimwangusha mmoja, wa pili akageuza farasi, na Tibo akajitupa chini ya punda. Basi, yangeishia hapo. Lakini Germon aliuona mgongo wa yule anayekimbia, akaufuata. Aendako Mkuu, bendera huenda, na sisi huifuata bendera. Nyuma ya kilima wenzake walikuwa wanatungoja.

Tulirudi ngomeni na maiti za ndugu zetu juu ya punda. Tibo ndiye aliyewaongoza.

Jumapili barazani Germon alipiga magoti, akaeleza kosa lake.

"Inuka, Bwana Mkuu," alisema Pelfori, msimamizi wa farasi. "Ulimwokoa Tibo. Kanuni inaruhusu."

"Nilimwokoa Tibo pale kwenye punda. Kule kilimani nilikuwa namwokoa nani?"

"Tukikuvua joho, ukuu nao umekwenda. Emiri atacheka mpaka aanguke farasini!"

"Na aanguke. Mkiniachia hili joho, mrudishieni Tibo la kwake leo hii. Halafu kila mtu atoke safuni akijisikia."

Hilo hakuna aliyelitaka. Germon akatoka nje, kama mshtakiwa yeyote, ili sisi tuamue. Tulibishana mpaka chakula kikapoa. Pelfori alipinga hadi mwisho, kisha akalazimika kumwita ndani, maana ndiyo kazi yake. Alifungua kishikizo shingoni mwa Germon, akalikunja joho vizuri, akaliweka juu ya kiti cha Mkuu. Kiti kikabaki hivyo, hakina mtu.

Jioni Germon alikaa sakafuni karibu na Tibo, na bakuli la dengu mapajani. Jibwa jekundu likaja moja kwa moja, likatia pua ndani. Germon akainua mkono.

"Shusha, Ndugu," alisema Tibo huku akitafuna. "Huyo hafukuzwi."

Germon akashusha mkono. Mbwa akala taratibu, hakuwa na haraka.

"Kesho njoo ukutani upande wangu," Tibo akaendelea. "Kule huwa anachelewa kufika."

"Nyamaza. Wakati wa kula hatuzungumzi mezani."

"Mezani, ndiyo," alisema Tibo, akamsogezea bakuli lake. "Wewe unaiona meza hapa?"