Lalamiko la Kompyuta ya Masjala

Asubuhi ambayo maombi ya uhamisho yalikuwa yafungwe saa sita kamili, ndipo kompyuta ya masjala ilipochagua kugoma. Karani wa masjala, ambaye wote walimwita Mama Mihuri kwa jinsi alivyogonga muhuri utadhani anaua mende, alibonyeza kuhifadhi barua mara ya kumi na moja. Mashine ikamjibu vilevile: diski imejaa.

Na barua yenyewe ilikuwa yake. Miaka sita yeye yuko huku, mumewe, fundi wa pampu za maji, yuko mji wa mbali, na mtoto wao akimtaja baba yake husema "yule wa kwenye simu". Kila mwaka Mama Mihuri aliomba ahamishiwe huko, na miaka hii ya karibuni makao makuu walimnyamazia kama maji mtungini. Barua ya mkono hawapokei, hutaka itumwe kwa kompyuta ya ofisi, nayo ni hiyo moja.

Akaitwa fundi wa kompyuta, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi. Akachungulia, akaguna. Akaeleza kwamba kila kompyuta ina daftari lake lenyewe, huandika humo yote yanayoipata, kama mke mwenza anayeweka mambo moyoni. Lisipowekewa kikomo, huvimba. Hili la masjala lilikuwa limekula diski nzima, na yalikuwamo maneno mawili tu, yamerudiwa kila sekunde kwa miaka minne: printa haionekani.

"Nafuta haya, naweka kikomo, dakika mbili tumemaliza," akasema fundi.

Lakini mlango ulikuwa wazi, na mkuu wa ofisi, Bwana Kanuni, ana masikio ya paka. Akaingia akinyoosha tai, akauliza kinafutwa nini. Fundi wa watu akajibu bila kufikiri, kwamba ni malalamiko ya mashine tu. Hapo akawa amechokoza nyuki.

"Ofisi hii haifuti lalamiko kabla ya kulijibu," akasema Bwana Kanuni. "Awe nani aliyelileta."

Na hakuwa anatania. Mwaka uliopita alikuja mtu kulalamika kwamba jua linamwangalia yeye peke yake, akajibiwa kwa barua yenye nakala tatu.

Mama Mihuri akatazama saa ya ukutani. Saa nne na nusu. Akapiga hesabu pembeni mwa gazeti: malalamiko yalipita milioni mia na ishirini, na yeye akijikaza kisabuni hujibu arobaini kwa siku. Kulia hakulia. Alikuwa amekaa na kanuni hizo miaka mingi, anazijua mpaka mifukoni. Akamwambia mkuu kwa adabu zote kwamba mlalamikaji akiwa mmoja na lalamiko likiwa moja, kikao kinaruhusiwa kulisikiliza kwa mkupuo. Bwana Kanuni akafikiri, akafungua kitabu, akakuta ni kweli, na uso ukamng'aa.

Basi kompyuta ikabebwa mpaka chumba cha mikutano, ikakalishwa kwenye kiti chenye mto. Fundi akafanywa mkalimani. Bwana Kanuni akaiuliza mashine kama iko tayari, akangoja jibu kwa subira, kisha akaagiza iandikwe kwamba mlalamikaji hakupinga. Akauliza printa ilionekana lini mara ya mwisho. Fundi akasoma daftarini: Jumatatu moja, miaka minne nyuma, saa mbili na dakika saba asubuhi.

Watu wakaanza kukagua kucha zao. Ofisi nzima ilijua printa iko wapi, na ndiyo maana miaka yote hiyo walikuwa wakichapa barua kwenye duka la ng'ambo ya barabara. Aliyethubutu kulisema hakuwepo. Mama Mihuri akatazama tena saa.

"Mkuu, nisamehe," akasema. "Ni ile inayobeba chupa yako ya chai."

Bwana Kanuni akanyoosha tai. Halafu akatangaza kwamba mlalamikiwa amekiri kosa, akaenda chumbani kwake, akarudi na printa mikononi, kitambaa cha nakshi bado kiko juu, chupa ya chai kaibana kwapani.

Waya ulipochomekwa tu, daftari likanyamaza. Mama Mihuri akagonga muhuri wa "Limeshughulikiwa" kwenye kumbukumbu za kikao, fundi akafuta, akaweka kikomo. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. Mama Mihuri akainua kidole ahifadhi barua yake, na hapo printa ikakohoa, ikaanza kuchapa yenyewe.

Fundi akasema ni karatasi zilizokuwa zikingoja foleni ndani. Ya kwanza ilitoka makao makuu, ya Jumatatu ileile. Ombi la karani wa masjala limekubaliwa. Aripoti kituo kipya ndani ya wiki mbili. Katibu wa hapa wa wakati huo alikuwa ameamuru ichapwe, akaona kimya, akaenda zake kustaafu. Kumbe makao makuu hawakuwa na la kujibu tena, walishajibu.

Bwana Kanuni alisoma juu ya bega la Mama Mihuri, akakunja uso.

"Dada, kule ulitakiwa kuripoti miaka minne iliyopita. Huo ni utoro. Hutoki hapa kabla hujaandika maelezo."

Mama Mihuri alikuwa ameshaikunja barua, anatafuta viatu vyake kwa vidole vya miguu, chini ya meza.

"Niandikie wewe, mkuu," akasema. "Mimi nimeshachelewa kazini."