Mate Kwenye Mrija

Mimi kazi yangu ni kuziba pancha. Ndiyo, mwanamke, na ukitaka kushangaa, shangaa huku unanishikia jeki. Miaka kumi na moja masikio yangu yanasaka upepo unaotoroka, na hakuna sauti ninayoichukia kama ile ya sss.

Mwanangu ana miezi minane. Asubuhi ile, tukiwa kibandani kwangu, alianza kulia. Anakunja miguu, ananyamaza, halafu anaanza upya. Mama mkwe akapita akasema ni chango tu, itaisha. Saa nne mtoto akatapika kijani, na nilipofungua nepi nikakuta damu iliyochanganyika na ute. Nilitupa spana hapo hapo, nikakimbilia hospitali na ovaroli yangu ya grisi.

Daktari, mwanamke mwembamba wa miwani, akanionyesha picha kwenye skrini.

"Utumbo umejiingiza ndani yake wenyewe, kama mkono wa sweta ukiivua vibaya. Tutausukuma urudi kwa upepo, kupitia njia ya haja kubwa. Najaribu mara tatu, dakika tatu tatu. Ikishindikana, anapasuliwa leo hii."

"Upepo?" nikaruka. "Dada yangu, upepo naujua mimi. Ukizidisha unapasua!"

"Ndiyo maana kuna geji. Mia na ishirini sivuki."

Muuguzi, kaka mmoja wa miraba minne asiyejua kucheka, akabana makalio ya mwanangu ili upepo usirudi. Mimi nikamshika mabega. Daktari akaminya mpira, kama ule wa kupimia presha. Kwenye skrini upepo ukapanda, ukafika kwenye bonge la utumbo uliojiingiza, ukagota. Mara ya kwanza, hola. Mara ya pili, hola. Daktari wa upasuaji alikuwa ameshasimama mlangoni na kofia yake, na mwanangu alikuwa amelia mpaka sauti imekauka. Niliogopa, jamani. Nilitaka kupiga mtu.

Wakati daktari anaminya kwa mara ya tatu, macho yangu yakatua kwenye geji. Mshale ulipanda hadi mia, ukaanza kushuka wenyewe, taratibu.

"Daktari, simama. Panavuja."

"Mama, tulia," muuguzi akanijia juu. "Nimebana mpaka vidole vimekufa ganzi."

"Si kwako, kaka! Ni huku kwenye mrija."

"Mrija tumeukagua."

Nikatema mate kidoleni, nikapaka pale mrija unapoungana na mpira, kama ninavyofanya kwenye valvu kila siku ya Mungu.

"We mama! Hii ni hospitali!"

"Minya," nikamwambia daktari.

Akaminya. Kipovu kikachomoza, kikavimba, kikapasuka. Kingine kikafuata.

"Lo!" akasema daktari. "Kumbe muda wote nasukuma nusu tu." Akamgeukia mwenzake wa mlangoni. "Hizi hazihesabiki. Nipe dakika tatu za kweli."

Yule akatazama saa yake, akatikisa kichwa kukubali.

Ukaletwa mrija mpya. Safari hii mshale ukapanda hadi mia na kumi, ukatulia tuli. Bonge likaanza kurudi nyuma, likafika mahali likakwama.

"Toka!" nikapiga kelele. "Toka, mshenzi wewe!"

Likateleza, likatoweka, na upepo ukamwagika kwenye utumbo wote.

"Umefunguka!" daktari akasema, na muuguzi akacheka meno yote nje. Daktari wa upasuaji akavua kofia, akasema basi yeye anaenda kunywa chai.

Mrija ukachomolewa. Mwanangu akaachia upepo, sssss, mrefu, hauishi, halafu akapiga mwayo na kulaza kichwa begani kwangu, juu ya grisi. Machozi yalinitoka kwa furaha.

"Toa, baba," nikamwambia. "Toa wote. Upepo huu, mama hauzibi."