Punje Kumi na Mbili za Josaphat

Wanawake wanaochambua kahawa Butembo huketi chini, miguu wameinyoosha, ungo mapajani, na mdomo haupumziki. Punje nyeusi inatupwa kushoto, iliyovunjika kushoto, nzima inabaki. Katungu alikuwa mmoja wao, na jicho lake lilisifiwa depo nzima. Siku hiyo aliletewa habari kwamba Papa Syauswa, fundi wa foto wa mtaa wa Mususa, anamwita: foto imepatikana, aje aone. Katungu akakaza kitenge, akamwachia jirani yake Agar ungo, akaondoka mbio mbio kama mtu aliyeambiwa chungu kinafurika.

Ilikuwa miaka ile ya vita, wakati kila kilima kilikuwa na komanda wake. Katungu alikuwa na mtoto mmoja tu, Josaphat, seremala. Komanda mmoja aliyeitwa Léon, mwanajeshi aliyetoka jimbo la mbali, alimwita Josaphat aende Beni kumtengenezea kitanda. Kijana akachukua msumeno na randa, akapanda lori, na tangu hapo kimya. Katungu alipofika Beni kuuliza, komanda alisema hajawahi kumwona mtu wa namna hiyo. Karani wake akaongeza, "Lete foto yenye iko na sura, mama. Bila sura, dossier, faili yako, haifunguke." Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Katungu alirudi Butembo akilia njia nzima, na dereva wa lori akazima redio kwa heshima.

Sasa taabu ilikuwa hiyo foto. Josaphat alikuwa mtu wa kukimbia kamera. Alionekana katika foto moja tu, ambayo Papa Syauswa alipiga kwenye ndoa ya Mélanie, binti wa Phinées, mfanyabiashara wa mtaa wa Vulamba. Na foto ya ndoa kwetu unaijua: moja tu, na watu wote wanaingia humo, ukoo wa mume, ukoo wa mke, kwaya, wapishi, na wapita njia walionusa nyama. Wazito wanaketi mbele. Waliobeba viti wanasimama nyuma. Josaphat ndiye aliyeleta mabenchi, kwa hiyo alisimama nyuma ya wote, benchi moja bado begani. Mbele kabisa, katikati, kwenye kiti chenye mikono, aliketi Komanda Léon, mgeni wa heshima.

Papa Syauswa aliwasha jenereta, akawasha ordinateri, ile kompyuta yake, akaikuza foto ya ndoa pale nyuma ya wote, akamvutia Katungu kiti.

"Mama, angalia. Huyu njo Josaphat."

"Wapi?"

"Hapa. Hii carré, na hii, na hii."

Katungu akasogea mpaka pua ikagusa kioo. Akatazama kama anavyotazama kahawa. Zilikuwa punje kumi na mbili, za mraba, rangi ya udongo. Mbili zilikuwa nyeusi zaidi, pale penye macho. Moja ilikuwa nyekundu kidogo, pale penye mdomo.

"Na huyu wa mbele," akauliza, "juu ya nini yee iko na meno yote?"

Kweli, Komanda Léon alikuwa na meno yote, na vifungo vyote, na hata chembe ya wali kwenye masharubu.

"Yee alikuwa mbele, mama. Hii kamera Phinées alileta toka Dubai iko na punje milioni mbili. Wa mbele banakula kwanza. Wa nyuma banapata yenye inabakia."

Katungu alielewa mara moja. Hata bugali ya ndoa inagawanywa hivyo hivyo. Akaomba zile punje kumi na mbili zitolewe kwenye karatasi, akazifunga ndani ya kitenge, akasema wasingya, asante, akaenda nyumbani.

Jioni, alipokuwa anasonga bugali, Josaphat aliingia. Alikuwa na urefu wake uleule na mwendo wake uleule wa kutupa mguu wa kulia. Sura ilikuwa ya punje kumi na mbili, kila moja kubwa kama kipande cha sabuni, na shati lilikuwa miraba michache ya buluu. Begani alikuwa na benchi, nalo la miraba, maana ndivyo kamera ilivyomchukua.

"Tua benchi, mutoto yangu," Katungu akasema. "Utachoka."

Akatua. Akakaa juu yake. Katungu akamkatia bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, na matonge yakawa yanaishia pale penye punje nyekundu. Moyo wa Katungu ulijaa furaha mpaka akasahau kujipakulia.

Agar alikuja kurudisha ungo. Akasimama mlangoni, akamtazama.

"Ah, Josa! Umerudia? Umekonda, weye."

"Hapana kukonda," Katungu akajibu. "Njo vile walimupiga foto."

"Aa, bon," akasema Agar, akakaa kwenye benchi pembeni ya Josaphat. Alilalamika tu kwamba kona zake zinachoma.

Katungu alimuuliza mwanawe alikuwa wapi, nani alimshika, walimfanya nini. Ile punje ya mdomo ilififia kidogo, ikakolea tena. Mdomo wa punje moja unatosha kula. Hautoshi kusema. Akauliza mara nyingi, jioni nyingi, na kila mara punje ilififia na kukolea, mpaka akaona anamtesa mtoto bure.

Basi wakaenda Beni pamoja. Dereva wa lori aliwapa nafasi juu ya magunia ya maharagwe, akamwomba Josaphat ajifunike kwa turubai kukinyesha, asije akachuja rangi. Nyumbani kwa komanda, godoro lilikuwa limeanikwa uani, na kitanda kimetolewa barazani kipate hewa. Kilikuwa kitanda kizuri cha mbao nyekundu. Josaphat alikuwa na kosa moja tangu shule ya msingi ambalo hakuna mwalimu aliyeweza kulitoa: herufi J aliichora imegeuka, mkia unatazama kulia. Kila alichotengeneza alikitia J hiyo kwa patasi. Kwenye mguu wa kitanda cha komanda, J ilitazama kulia.

Josaphat akainama, akaigusa. Katungu akaiona. Walinzi wakaiona. Karani akaiona, akasafisha miwani, akaiona tena.

Komanda Léon akatoka na kikombe cha chai.

"Mama, nilikwambia nini? Foto yenye sura."

"Foto ni hii, chef. Na mwenyewe ni huyu."

Komanda alimzunguka Josaphat taratibu, kama mtu anayenunua mbuzi.

"Hii hapana mutu. Hii ni carreaux, vigae vya sakafu. Mie naweza pavé nayo nyumba. Karani, andika: haitambulike."

Karani akaandika. Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga, ingawa hawakusema upishe mpaka wapi. Katungu akaifunga karatasi yake tena ndani ya kitenge. Alimshika mwanawe mkono, au pale ambapo mkono ungekuwa, wakarudi barabarani kungoja lori.

Papa Syauswa aliposikia, hakulala vizuri. Alikuwa mtu wa kuipenda kazi yake, na ilimuuma kwamba kazi yake ndiyo iliyomnyima mtoto mdomo. Phinées alipokuwa anajiandaa kwenda tena Dubai, Syauswa alimtuma swali kwa wale wanaotengeneza kamera: sura moja inataka punje ngapi ili mama aweze kuipeleka bureau ya komanda?

Phinées akarudi na shehena ya vitenge na jibu.

"Nilimuona mutu wao. Mutu wa tai, mupole. Amesema milioni mbili inatosha kabisa kwa mafundi. Inajaza ukurasa wa gazeti. Nikamwambia, mais kwetu foto moja iko na batu mia tatu. Akacheka. Amesema ile hapana foto, ile ni mukutano."

Syauswa akapiga meza.

"Banatengeneza kamera juu ya mutu moja, mwenye anasimama peke yake mbele ya nyumba yake! Huku kwetu nani anasimama peke yake?"

"Usikasirike, Papa. Nimekuletea ingine. Iko na milioni tano."

Syauswa hakusubiri hata kuondoa plastiki yote. Akamwita Katungu na mwanawe, akawaweka mbele ya pazia, karibu kabisa, wawili peke yao, wagawane zile milioni tano bila mtu mwingine wa kuzila. Akapiga. Akafungua kwenye ordinateri.

Katungu alikuwa na kila kunyanzi, kila unywele mweupe uliochungulia kwenye kilemba, na machozi ambayo hakujua kwamba yapo. Pembeni yake, Josaphat alikuwa na punje kumi na mbili. Zilionekana vizuri sana. Kingo zake zilikuwa zimenyooka kama za vigae, na kwenye moja alikuwa ametua inzi, mwenye miguu yote.

"Kamera ni nzuri," Syauswa akasema. "Haina kosa."

"Eh," Katungu akajibu. "Kosa haiko kwa kamera hii."

Kisha Élise, binti wa pili wa Phinées, naye akaolewa. Komanda Léon alialikwa tena, kwani nani angethubutu kumruka, akaketi kwenye kiti chenye mikono. Josaphat alileta mabenchi. Syauswa akapanda ngazi yake na ile kamera ya milioni tano, akapaza sauti, "Ba nyuma, mukaribie! Mukaribie!" Wa nyuma wakajaribu. Walinzi wa komanda wakawaonyesha mitutu, wakarudi palepale.

Phinées, ambaye alikuwa mtu wa haya, akamwekea Katungu kiti mstari wa mbele.

"Maman Katungu, kuja huku. Utatoka muzuri."

Katungu alikitazama kile kiti. Kisha akakusanya kitenge chake, akapita katikati ya wajomba, katikati ya kwaya, katikati ya wapishi, mpaka nyuma ya wote. Akasimama kando ya mwanawe, akashika upande wa pili wa benchi. Syauswa, juu ya ngazi, alimwona. Halafu akapiga.

Komanda aliagiza sura yake ikuzwe. Ilitoka safi ajabu, mpaka vinyweleo vya puani, na bado imetundikwa Beni juu ya kitanda.

Katungu aliomba kipande cha nyuma. Walitoka wawili, wa miraba ya rangi ya udongo, wameshika benchi moja. Agar alikitazama kwa muda mrefu akiwa amekaa kwenye benchi, akakigeuza huku na huku kutafuta mwanga wa moto.

"Nani kati yenu njo alipotea?" akauliza.

Katungu akamkatia bugali, akamkatia na Josaphat, kisha, kwa mara ya kwanza tangu mwanawe arudi, akajipakulia na yeye.