Kikohozi cha Mama Dorine

Hironimus alikuwa anachambua maharage jikoni kwake Lizaboni, mjini Songea, wakati kikohozi cha mkewe kilipoanza chumbani. Aliweka ungo chini, akajaza maji kikombe, akampelekea. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, hakikuwa na mtu. Kikohozi kilitoka upande wa ukutani, upande wa Adela, kikavu na kifupi, chenye mluzi mdogo mwishoni, kama alivyokijua kwa miaka arobaini.

Adela mwenyewe alikuwa Ujerumani. Alikwenda kumhudumia Dorine, mtoto wao wa pekee, aliyekuwa amejifungua. Kumkanda kwa maji ya moto na kumpikia uji, kama inavyompasa mama wa mzazi. Halafu korona ikaja, ndege zikasimama. Bima yake ya safari ikaisha, na kampuni ikasema waliopita miaka sabini haiwaongezei muda. Ndipo akaanza kuumwa.

"Nenda hospitali, Mama Dorine," Hironimus alimwambia kwenye simu.

"Niende na nini? Wakinilaza, huyu mtoto atalipa mpaka mjukuu aote ndevu."

Hakukohoa hata mara moja katika mazungumzo hayo. Kikohozi chote kilikuwa Songea.

Asubuhi Hironimus alichukua kadi ya Adela ya bima ya hapa nchini, ambayo ilikuwa bado hai. Akaufunga mto wa Adela kwa kitenge, kikohozi kikiwa ndani, akaenda nao zahanati. Kwenye foleni watu walisogea, wakamwachia benchi zima. Mganga, Zuhra, aliweka kipimo juu ya mto akasikiliza.

"Kifua kimejaa, babu. Kulia zaidi."

"Basi mpeni dawa."

Lightness, binti wa dirishani, aliigeuzageuza ile kadi. "Mfumo unataka uso, babu. Haukubali kikohozi peke yake."

"Uso uko Ujerumani."

"Basi bima ya huko imtibu."

Dorine alikuwa ameshawauliza wa huko. Walimjibu kwa upole kwamba muda umekwisha, na kwamba kama kikohozi kiko Songea, hilo ni jambo la Songea.

Jioni Hironimus alichemsha majani ya mkaratusi na mchaichai, akajifunika blanketi pamoja na mto, akajifukiza nao mpaka kikohozi kikalegea. Simu ikaita kabla hajajifuta jasho.

"Baba Dorine! Unataka kunipika? Nimelowa chapachapa, na chumba kizima kinanuka mkaratusi."

"Samahani. Kesho nitapunguza moto."

"Usipunguze sana," Adela akasema. "Leo nimevuta pumzi."

Akafanya hivyo kila jioni. Ekaristia, mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisani, alileta ndimu na kusimama kwenye mlango wa chumbani kutoa pole. Kikohozi kikamwitikia.

Mvuke ulilegeza kifua, lakini haukuyatoa maji yaliyokuwa yamejaa ndani. Jumapili Dorine akapiga simu akilia. Mama alikuwa amefariki, na angezikwa hukohuko, kwa kuwa ndege zilikuwa bado zimesimama. Hironimus alikwenda zahanati kutoa taarifa. Lightness alimpa pole kwa mikono miwili. Kadi ilifungwa hapohapo, bila mfumo kuuliza uso.

Jumuiya ilikuja jioni, ikajaa sebuleni. Ekaristia alikuwa ameshafungua kitabu kwenye sala za marehemu aliposikia kikohozi chumbani.

"Baba Dorine," alinong'ona, "huyu hajaambiwa?"

"Bado."

"Sasa tusali ipi? Ya wagonjwa au ya marehemu?"

Hironimus alitazama mlango wa chumbani. "Anzeni na ya wagonjwa, kwa sauti, asikie. Ile nyingine tutaisema kwa sauti ya chini."

Wakasali ya wagonjwa, mlango ukiwa wazi. Walipomaliza, Hironimus aliingia na maji ya uvuguvugu, akasubiri kikohozi kitulie, akavuta blanketi mpaka pale ambapo bega la Adela lilizoea kuwa. Alipotoka aliurudisha mlango taratibu, akahakikisha umefungika. Kisha akapiga magoti pamoja na wenzake.