Bakteria Wasio na Breki

Kwa mara nyingine sahani za kuoteshea bakteria zilitoka kwenye kabati la joto zikiwa tupu, bila hata doa. Bochaberi alizipeleka dirishani, akazigeuzageuza. Maabara nzima ya chuo kule Rongo ilijua bakteria wake wanakufa.

Alitaka kujua bakteria hutambuaje wakati wa kuanza kunakili kromosomu yake. Kuna protini inayojikusanya mahali pa kuanzia. Ikitosha, inaufungua uzi wa DNA na kazi inaanza. Halafu breki inashika, kazi isije ikaanzishwa tena kabla ya wakati. Bochaberi alikuwa ameing'oa jeni ya breki hiyo.

"Ni mkono wako unaowaua," alisema Daktari Omanga, msimamizi wake. "Badilisha mada, usije ukazeekea hapa."

"Nipe jaribio moja tu, Daktari."

"Moja. Basi."

Ilikuwa Ijumaa, na Sabato ilikuwa inakaribia. Asingeingia maabara hadi Jumapili, na kwenye chakula kinono alichozoea kutumia, bakteria wazima, wenye breki, aliowaotesha kwa kulinganisha wangefurika sahani. Kwa hiyo akawapa wote chakula cha shida: chumvi na sukari kidogo, wakue polepole. Akaenda Kendu Bay kwa mamake, Kemuma, aliyeuza ndizi sokoni.

"Mama, niombee bakteria wangu."

"Wadudu wa kuharisha?"

"Hawa hawaharishi mtu. Omba waishi."

Kemuma alicheka mpaka akafuta machozi, lakini aliomba.

Jumapili, kwenye sahani za wasio na breki, kulikuwa na vidoa vidogo kama vichwa vya pini. Bochaberi alipima jeni zao: ile ya breki haikuwepo. Akaotesha tena, chakula kinono huku, cha shida kule. Kwenye kinono walikufa wote. Kwenye shida wakaishi.

Hapo akaelewa. Wakishiba, walianza nakala mpya kabla ya ile ya kwanza kufika mbali, zikarundikana mpaka uzi ukakatika. Wakila kidogo, nakala mpya zilichelewa kuanza, na kila nakala ikapata nafasi ya kumalizika.

Omanga alizikagua sahani moja moja. "Una hakika si uchafu?"

"Nimepima mara mbili. Na sibadilishi mada, Daktari."

"Nani amekwambia ubadilishe?" Omanga akavuta kiti. "Keti. Nieleze tangu mwanzo."