Aivi ya Ukuta wa Nyuma

Binti yangu Hazel ana moyo mzuri, ila kichwa chake ni kigumu kama changu, na hapo ndipo tunapogongana. Mwaka jana, mwezi wa nane, alisimama kwenye bustani yangu akautazama ukuta wa nyuma uliomezwa na aivi, mmea ule mtambaazi usio na adabu, akasema nimezeeka. Nina miaka themanini na moja, ningebisha nini? Akasema asiyeiweza bustani haiwezi nyumba, kwa hiyo ukuta ule usipoonekana hadi Pasaka, nihamie makao ya wazee. Nyumba hii niliingia na marehemu mke wangu siku ya harusi yetu. Ukuta ule niliujenga mwenyewe. Iliniuma sana, lakini nikamwambia sawa.

Mwezi wa tisa nikapiga magoti na msumeno, nikayakata mashina yote pale chini, moja baada ya jingine, kumi na saba. Kisha nikaingia ndani kunywa chai.

Basi maneno yakaanza. Hazel akija Jumapili anakuta majani bado yananing'inia, yamegeuka manjano, mara yamekuwa kahawia, na baba yake amekaa tu. Jirani yangu Percy akawa ananichungulia juu ya ua, akiniuliza kama nasubiri malaika waje kunisaidia. Nimekuwa mwashi miaka arobaini na sita, na najua aivi mbichi ukiivuta inaondoka na chokaa yako, na matofali pia. Percy aliivuta ya kwake mbichi. Leo ana nusu ukuta na mdomo mzima.

Jumamosi ya Pasaka, saa nane mchana, Hazel akafika na fomu za yale makao, na nyuma yake fundi mwenye mashine ya kung'olea. Sikugombana. Nikamwambia ampe fundi chai, mimi wanipe hadi saa kumi.

Nilichungulia viota kwanza, maana kwetu ndege akishalalia mayai hata mwenye nyumba anangoja. Hakukuwa na kiota. Nikashika aivi kwa mikono miwili nikavuta, ikashuka pande zima kama zulia kuukuu. Mizizi yake ilikuwa imekauka hadi inavunjika kwa vidole. Nikavuta tena, nikapiga brashi, nikavuta tena. Mgongo ulinilaani, nami nikaulaani.

Saa kumi kasorobo ukuta ulikuwa wazi, mwekundu, umenyooka. Fundi akaja na kikombe chake, akapitisha kidole kwenye chokaa kutoka kona hadi kona.

"Hakuna tofali lililotikisika," akasema. "Mzee, nani aliujenga huu?"

"Mimi."

Sijawahi kutamka neno tamu kama lile. Percy, aliyekuwa akichungulia juu ya ua, akashuka akaenda zake.

Hazel akazikunja fomu akazitia mkobani.

"Baba, kwangu upande wa barabarani kuna ukuta uliomezwa na aivi kama huu. Huyu fundi alikuwa aje Jumatatu aivute."

"Mbichi?"

"Mbichi."

"Mwambie asiiguse. Nitakuja mwezi wa tisa na msumeno wangu."

Akasema basi atanifuata kwa gari. Nikamwambia asijisumbue, basi la abiria linapita mlangoni pangu.